Kichujio cha Sifaeli

Kila anayekuja Tengeru kumtafuta Sifaeli hupita kwanza kwangu, maana kibaraza changu cha cherehani kiko njiani na mdomo wangu unajulikana. Wengine ni walimu, wengine wasichana wa vyuo na madaftari yao. Wanaketi, wanaagiza soda, halafu wanainama na kuuliza kwa sauti ya chini kama watu wanaoulizia bangi: "Mama, huyu ni kijana wa kiume. Imekuwaje akashughulika na hedhi za mabinti?" Wanataka niwaambie kwamba alihudhuria semina. Semina gani! Sifaeli ana darasa la saba, na hilo neno hedhi alikuwa halijui. Hata mimi nilikuwa silijui. Huku kwetu mlimani tulisema "mambo ya kike", tukakohoa kidogo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Naitwa Tabitha. Sifaeli ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo ni mwanangu, na haya nayasema kwa ruhusa yake. Nitayasema yote, hata lile la kwangu, tena la kwangu ndilo la kwanza.

Dada yangu alifariki akamwachia mumewe, Mzee Eliya, watoto wawili, ng'ombe wawili wa ndani, na shamba la kahawa na migomba juu kule Akheri. Sifaeli alikuwa kijana tayari. Mdogo wake, Anyesi, alikuwa na miaka tisa. Shemeji yangu ni mzee wa kanisa, mtu wa haki, hajawahi kumnyanyulia mtoto mkono. Lakini ni mwanaume wa Kimeru wa zamani. Kuna mambo hayasemwi mbele yake, na yeye hayaulizi. Sasa binti wa mtu kama huyo akipevuka atamwendea nani? Alinijia mimi.

Ilikuwa Jumatano ya soko, mwaka wa tisini na nne. Nikamwona Anyesi anakuja na sare ya shule, sweta amelifunga kiunoni ingawa baridi ilikuwa inauma. Aliniamkia huku anatazama chini. Nikaelewa palepale. Na mimi, mwanamke ninayewasemea wateja mpaka wanakimbia, unafikiri nilisema nini siku hiyo? Nilitoa kitenge cha marehemu mama yake, cheusi kilichokolea, nikachana vipande viwili. Nikamwambia: "Sasa umekua. Utakunja hivi. Ukifua, ufiche. Mwanaume asikione, si baba yako wala kaka yako. Kikionekana ni aibu ya nyumba nzima."

Basi, ni hayo tu. Nilitumia muda mfupi kuliko wa kushona kifungo. Ndivyo mama yangu alivyonifundisha mimi, na ndivyo bibi alivyomfundisha yeye. Nikamnunulia andazi, nikarudi kwenye cherehani yangu nikijiona nimemlea mtoto wa dada yangu.

Haya, fikiria nyumba ya vyumba viwili na jiko, wanaume wawili na msichana mmoja. Ataanika wapi? Kambani, baba anapita. Migombani, kaka anakata majani ya ng'ombe. Anyesi alizunguka boma zima akaona mahali pamoja tu ambapo mtu anaweza asiingie wiki nzima: stoo ya kahawa. Nyuma ya magunia kulikuwa na msumari ukutani. Akatundika kitambaa hapo, gizani, kinakauka kwa siku tatu na kunuka ukungu. Ningejua ningesema nini? Huenda ningemsifu kwa akili. Niliposema ufiche, alificha, masikini, alikuwa mtoto msikivu.

Sasa niwaeleze habari ya dawa. Enzi za chama cha ushirika, dawa ya kahawa ilikuja na bwana shamba, kwenye mkebe wenye picha ya fuvu la mtu. Bwana shamba anakwambia vaa buti, funga pua, nawa kabla ya kula. Halafu likaja soko huria. Wanunuzi wa kahawa wakapanda mlimani na magari yao, bei ikachangamka, tukapiga vigelegele. Lakini bwana shamba akapunguzwa kazini, na dawa ikahamia vidukani. Ukifika unapimiwa kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Haina jina, haina fuvu, na chini ina mashapo kama uji ulioganda. Mashapo hayo yanaziba bomba, na ukiwa katikati ya shamba na bomba zima mgongoni, kuzibua ni adhabu. Kwa hiyo vijana wote walichuja dawa kwa kitambaa kabla ya kuitia kwenye bomba.

Kwa Mzee Eliya mpiga dawa alikuwa Sifaeli, wakati huo ana miaka kumi na tisa. Siku moja ya soko alikuja kibarazani anacheka.

"Shikamoo mama mdogo. Yaani safari hii nimepata kichujio, acha! Kimefumwa vizuri, hakipitishi hata chembe. Sijui nani alikitundika kule stoo. Nikimaliza nakisuuza, nakirudisha msumarini palepale, kisije kikapotea."

Nikamwambia, "Ndivyo kijana mwenye akili anavyotunza vitu."

Mungu wangu nisamehe. Nilimsifu, tena kwa sauti, mbele ya wateja.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata Anyesi akaanza kuumwa. Alihisi moto mwilini, mahali ambapo hawezi kumwonyesha mtu, akanyamaza. Akatapika, akasema ni tumbo. Baba yake akadhani ni malaria, akampa klorokwini. Akapata nafuu siku mbili tatu, mwezi ukageuka, akatumia kitambaa tena, akaungua tena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema mtoto afanye nini kama ameamriwa na mkubwa wake afiche. Asubuhi moja alianguka mstarini shuleni, kabla hata wimbo wa taifa haujaisha.

Sifaeli ndiye aliyeitwa. Alimbeba mdogo wake mgongoni, kutoka shuleni mpaka hospitali ya misheni, njia ya matope ya masika, bila kupumzika. Mimi nilipata habari sokoni, nikaacha suruali ya mtu kwenye cherehani, nikakimbia. Nilimkuta Sifaeli barazani amelowa jasho, Mzee Eliya amekaa kwenye benchi na kofia yake mkononi. Ndani kulikuwa na nesi mmoja, Sista Elizabeth, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake. Alikuwa ametufukuza wote. Baadaye akaniita mimi peke yangu.

"Huyu mtoto ameungua," akasema. "Ngozi imechunika, na homa imepanda kichwani. Anatumia kitambaa gani akiwa kwenye siku zake? Nakitaka hapa."

Anyesi aligeuza uso ukutani. Macho yalikuwa yanampanda juu kwa homa, lakini bado aliona aibu. Nikainama, nikamsihi kwa jina la marehemu mama yake, na mwishowe akaninong'oneza sikioni. Nikatoka barazani nikamwambia Sifaeli: "Kimbia nyumbani. Stoo ya kahawa, nyuma ya magunia, kuna msumari. Ulete kitambaa utakachokikuta."

Akaitikia, "Sawa, mama mdogo," akaondoka. Alipiga hatua kama kumi hivi, halafu akasimama. Alinipa mgongo, sikumwona uso, lakini niliona mabega yake yakishuka. Na mimi hapohapo nilipokuwa nimesimama nikakumbuka maneno ya sokoni, kichujio kizuri, hakipitishi hata chembe. Nikashika nguzo ya baraza. Sifaeli akaanza kukimbia.

Alirudi nacho kwenye mfuko wa rambo. Sista Elizabeth alikisogeza puani mara moja tu.

"Dawa ya kahawa! Nani anaanika nguo ya mwilini kwenye stoo ya dawa?"

Alituangalia sisi wawili kwa zamu. Sifaeli aliinama akaanza kuukunja ule mfuko wa rambo. Na mimi nilinyamaza. Nilijua, na nilinyamaza. Sista akafikiri kitambaa kilikaa tu karibu na chupa zikakimwagikia. Akatingisha kichwa, akarudi ndani kwa mgonjwa wake.

Siku saba hatukujua kama mtoto ni wetu au ni wa Mungu. Siku ya nane alifungua macho akaomba chai. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakaniambia nipunguze. Lakini siku ya kuruhusiwa, Sista Elizabeth alimwambia kwa nia njema kabisa: "Binti, ulikiweka mahali pachafu. Siku nyingine anika juani, jua ni sabuni ya pili." Ukweli ni kwamba Anyesi alisikia nusu ya kwanza tu. Ile nusu nyingine haikumfikia.

Akarudi nyumbani akiwa Anyesi mwingine. Alichagua sahani yake na kikombe chake, akaviweka peke yake. Hakutaka kumpikia baba yake. Alinawa mikono mpaka ikapasuka. Shule hakukanyaga, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa Septemba. Wanawake walikuja kutoa pole, na mmoja, nisimtaje, akasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyo nilimtoa na ufagio, akaacha kiatu kimoja. Lakini maneno yalikuwa yameshaingia masikioni mwa mtoto.

Nilimkalisha siku moja. "Anyesi, mwanangu, kwa nini huendi shule?"

Akanijibu taratibu, kama mtu aliyeikubali hukumu yake: "Mama mdogo, mwili wangu una sumu. Nimezaliwa nao hivyo. Sista mwenyewe alisema uchafu ulikuwa wangu."

"Siyo kweli."

"Basi ni nini?"

 Sifaeli alikuwa ameniomba: "Niachie, nitamwambia mwenyewe." Nikamwachia. Na ukitaka nikuambie ukweli wa moyoni, nilimwachia kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa. Akisema lake, langu lingefuata.

Sasa sikia maajabu. Jumatano moja Sifaeli alikuja kibarazani na shuka kuukuu ya flaneli aliyoinunua kwenye mitumba. Ilikuwa laini, ya wazungu, yenye maua. Akasema, "Mama mdogo, nifundishe cherehani." Nikamuuliza anataka kushona nini. Akasema, bila kutazama pembeni, "Vitambaa vya mabinti. Vizuri, vinavyofulika, vinavyokauka haraka. Lakini sijui vinatakiwa viweje. Damu inatoka siku ngapi?"

Weee! Nilikuwa na pini mdomoni, nusura niimeze. Tangu nizaliwe hakuna mwanaume aliyewahi kuniuliza swali hilo, hata marehemu mume wangu niliyezaa naye watoto wanne. Nilitaka kumfukuza. Nilitazama huku na huku kama kuna mtu amesikia. Kisha nikamtazama yeye, kijana wa miaka ishirini kasoro, mikono ina sugu za jembe, amekunja shuka kifuani, anasubiri jibu kama mwanafunzi. Aibu yangu ikanifanya nijione mdogo. Nikamjibu. Nilimjibu siku, nikamjibu kiasi, nikamjibu maumivu, na kila nilichosema kilikuwa ni kitu ambacho sikumwambia Anyesi.

Cha kwanza alichoshona kilikuwa kikubwa hata ungeweza kumfunika ndama. Cha pili kilikuwa kama kishika sufuria. Nilicheka mpaka nikalia. Alifumua, akaanza upya. Vijana wenzake wa sokoni walipojua wakampa jina, Fundi Nepi. Walikuwa wakimwita kutoka upande wa pili wa barabara: "Fundi Nepi, na mimi nishonee!" Nilitegemea ataacha. Nilimwona anainua kichwa, anawaambia, "Dada yako anaitwa nani? Nitampelekea," na wao wakanyamaza, maana sasa mzaha ulikuwa umeingia nyumbani kwao. Alipanda mpaka hospitali na daftari la kurasa arobaini, akamsubiri Sista Elizabeth amalize zamu, akamuuliza maswali hadi nesi mwenyewe akaja kibarazani kwangu kuniuliza, "Mama, huyu mtoto ni wa namna gani?" Nikamwambia hata mimi nashangaa. Na ni kweli nilishangaa. Nilikuwa nikimtazama pale kwenye cherehani yangu ya pili, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, anakunja pindo la kitu ambacho wanaume wa ukoo wetu hawakuwahi hata kukitaja, na mwili ulinisisimka kama niko kanisani.

Mabinti wa akina mama wa soko ndio waliovipata kwanza. Mama zao walivichukua kwa kujificha chini ya khanga, halafu wiki ya pili wakarudi kuuliza kama vipo vingine. Vikawa ishirini, vikawa hamsini. Kwa Anyesi hakupeleka hata kimoja. Nyumbani, mdogo wake akiingia, Sifaeli anatoka nje.

Siku moja uvumilivu ukanishinda. Nilisimamisha mguu kwenye cherehani nikamwambia: "Wewe! Unashona vitambaa mia kwa watoto wa watu, neno moja la dada yako linakushinda?"

Mkasi ukamponyoka. Akasema, "Mama mdogo, nikimwambia hatanitazama tena maisha yake yote."

"Na usipomwambia hatajitazama mwenyewe. Chagua."

Alikunja kazi yake akaondoka mapema. Nililala vibaya, maana na mimi maneno hayo yalinihusu.

Jumapili ile nilipanda Akheri baada ya ibada. Tulikaa uani, Anyesi na mimi, tunamenya ndizi za kupikia machalari. Yeye alikuwa akimenya tu, kupika aliniachia mimi. Mzee Eliya alikuwa kwenye kigoda chake, bado na koti la kanisani. Ndipo akatutangazia: mtu wa usharika aliyehamia mjini, Lemara, anatafuta msichana wa kazi za ndani. Wamekubaliana. Anyesi ataondoka kesho Jumatatu.

"Shemeji," nikasema, "na mtihani?"

"Mtihani gani, shemeji, kwa mtu asiyeingia darasani? Huko atapata nguo na chakula."

Nikamgeukia Anyesi, nikitumaini atalia, atakataa, atafanya chochote. Akasema, "Heri niende, mama mdogo. Nisiwachafulie nyumba." Akachukua ndizi nyingine akaendelea.

Sifaeli alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Alikuja akasimama katikati yetu, mikono imening'inia, akamwambia baba yake: "Baba, shikamoo. Nina neno." Alikuwa ameshamwamkia asubuhi, lakini hakujua aanzie wapi.

Alianza kwa Kiswahili. Nyumbani pale wanaongea Kimeru siku zote, ila sisi huku jambo zito la aibu tunalisema kwa Kiswahili, ili lionekane kama ni la ofisini, kama ni la mtu mwingine. Akasema, "Kitambaa kile cha Anyesi, cha kwenye siku zake..."

Mzee Eliya akainuka. "Sifaeli! Hayo hayaanikwi mbele yangu."

"Yasipoanikwa yataua, baba. Yalishakaribia kuua."

Nakwambia, kwetu mtoto hamjibu baba yake hivyo. Mzee alimnyooshea kidole. Nilifikiri sasa tutafukuzwa wote. Lakini sauti iliyofuata haikuwa ya baba. Anyesi aliyekuwa hapandishi sauti tangu hospitali alisema, "Baba, naomba umwache amalize."

Mzee Eliya alishusha kidole, akabaki amesimama.

Sifaeli akapiga magoti mbele ya mdogo wake, palepale kwenye maganda. "Mimi nilikikuta msumarini. Sikujua ni cha nini. Nikakichujia dawa ya kahawa, mara nne. Nikakisuuza, nikakirudisha. Wewe ukakichukua. Anyesi, ulikifua vizuri, ulikuwa msafi. Sumu niliitia mimi."

Kisu cha Anyesi kikasimama katikati ya ndizi. Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yake, hakuwafukuza. Nilingoja amrushie kisu, na kwa kweli nisingemlaumu. Alimtazama kaka yake, akauliza, kwa sauti ya mtoto wa miaka mitano:

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

"Si mwili wangu?"

"Mwili wako hauna kosa lolote."

"Sema kwa Kimeru."

Kwa Kiswahili Sifaeli aliweza. Kwa lugha ile aliyoimbiwa na mama yake, lugha ambayo jambo hilo halijawahi kusemwa na mwanaume mbele ya mwanamke, maneno yalikataa kutoka. Machozi yakaanza kumtoka kabla ya sauti. Kisha akasema. Alisema yote tena tangu mwanzo, msumari, dawa, ndoo, kwa Kimeru, polepole, na safari hii hayakuwa mambo ya ofisini, yalikuwa yetu. Mimi nimesikia mahubiri mengi, nimesikia maaskofu. Sijasikia kitu kilichonitisha na kuninyenyekeza kama kijana yule magotini anatafuta maneno ya kumsafisha dada yake.

Alipomaliza, Anyesi akanigeukia. "Na wewe, mama mdogo, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kudanganya. Nikaweka ndizi chini. "Nilijua tangu siku ile ya hospitali. Na mimi ndiye niliyekwambia ufiche. Ungeanika juani kama nguo nyingine, kaka yako angejua ni nguo ya mtu."

"Basi na wewe sema."

Nikasema, kwa Kimeru. Si wewe, mwanangu. Si wewe. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi, lakini nilisema.

Anyesi hakumgeukia baba yake. Binti hawezi kumwomba baba yake neno kama hilo, na yeye hakuliomba. Mzee Eliya alikuwa bado amesimama na koti lake la kanisani, anatazama migomba. Nilidhani ataingia ndani afunge mlango. Alivua koti, akaliweka juu ya kigoda, akaja akachutama kwenye maganda kando ya mwanawe wa kiume, mzee wa watu na magoti yake mabovu. Akashika ile mikono ya binti yake iliyopasuka kwa kunawa.

"Si wewe, binti yangu," akasema kwa Kimeru. "Si wewe."

Hapo ndipo Anyesi alipolia, kwa sauti, mpaka majirani wakatokea kwenye uzio kuuliza kuna msiba gani. Hakuna aliyemnyamazisha. Tulimwacha alie.